Mwanangu anataka Harvard, wakala anataka kiwanja

BARUA

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ng'ambo hapa Tabora, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Zawadi ni binti yangu wa kwanza. Kidato cha nne alipata Divisheni Wani ya pointi saba, akapangiwa PCB, na Mei hii amemaliza kidato cha sita. Tunasubiri matokeo. Tangu yuko mdogo anasema atakuwa daktari, na mimi nilishajua safari yetu ni ya Muhimbili: akipata nafasi anapanda treni kwenda Dar, na ada tunahangaikia mkopo wa Bodi kama wenzetu.

Mambo yamegeuka tangu aanze kuangalia video za vijana wanaosimulia walivyoingia Harvard na MIT, vyuo vikuu vya Marekani. Mmoja ana alama kamili za SAT, mtihani wao wa kuombea chuo. Mwingine amegundua sijui nini cha saratani na hata miaka kumi na minane hajafika. Mwingine ana taasisi yake inayosaidia watoto katika nchi nne. Mwanzoni alikuwa anafurahi, ananiita nije nione. Sasa chakula hakishuki, usiku taa inawaka mpaka jogoo awike. Ananiambia, "Mama, hao ndio ninaoshindana nao."

Juzi ameniomba nimshonee fulana kumi zenye jina la taasisi. Nikamuuliza, taasisi ya nani? Akasema yake, anaianzisha wiki hii. Anataka akusanye watoto wa mtaa wetu, awafundishe chini ya mwembe, wapigwe picha, ili fomu ijae. Nikamwambia mbona watoto wenyewe ni hao hao unaowasaidia hesabu kila jioni wakifuata sare zao, fulana za nini tena? Akaanza kulia, na mimi nikajiona mjinga nisiyejua dunia inakwendaje.

Kuna kijana amefungua ofisi ya uwakala wa vyuo vya nje mjini. Huyo anasema kinyume chake. Anasema wengi wanaoomba huko ni watu wa kawaida tu, ushindani ni maneno ya magazeti, anayejua kujaza fomu anaingia. Anataka milioni nne, mbili sasa na mbili viza ikitoka. Nimeshampa laki mbili za kufungua faili, na amechukua cheti halisi cha kidato cha nne cha Zawadi, eti anakipeleka kuthibitishwa. Shemeji yangu wa Dar naye akipiga simu ni kutucheka: chuo chenyewe kinachukua watu watatu kwa mia, wa dunia nzima, nyie wa Tabora mnatafuta nini?

Baba yake yuko porini Sikonge kwenye mizinga ya nyuki, simu huko ni ya kubahatisha, na uamuzi kaniachia mimi. Tuna kiwanja Kiloleni hatujajenga. Mnunuzi yupo, anataka jibu.

Mwalimu, ukweli ni upi? Hao wanaoomba ni moto wa kuotea mbali kweli, au ni kama anavyosema wakala? Niuze?

Mama Zawadi, Ng'ambo

JIBU

Marahaba Mama Zawadi, na pole na kazi, maana najua wanaokwenda kidato cha tano wanataka sare zao sasa hivi.

Kiwanja usiuze. Nimelitanguliza hilo ili mnunuzi asikuwahi kabla hujafika mwisho wa jibu hili.

Sasa swali lako. Shemeji ana nusu ya ukweli na wakala ana nusu nyingine, na kila mmoja ameshika nusu inayomfaa. Tuanze na hii "watatu kwa mia".

Kwa walioanza Harvard mwaka 2024, maombi yalikuwa 54,008 na waliokubaliwa 1,937. Ni mmoja kwa kila 28. Zawadi akiisoma namba hiyo anaona mabingwa 27 wamelala chini na mmoja amesimama. Lakini angalia ilikotoka. Kwa walioanza 2020, waombaji walikuwa 40,248. Mwaka uliofuata wakaruka hadi 57,435. Yaani ndani ya miezi kumi na miwili dunia imezaa vipaji 17,000 zaidi? Hapana. Uviko ulivuruga mitihani ya SAT, chuo kikasema alama hizo si lazima tena, na kila aliyekuwa anaogopa kuomba akajaribu bahati. SAT iliporudishwa kuwa sharti, kwa walioanza 2025, waombaji wakashuka chini ya 48,000. Muda wote huo waliokubaliwa walikuwa wale wale 2,000 hivi. Asilimia ilipanda na kushuka kwa sababu mlango wa kuomba ulilegezwa na kukazwa, basi.

Kuna na jambo la pili, na hili mtu yeyote aliyewahi kusubiri majina ya TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, analijua. Unakumbuka kila mwaka hutoka orodha ya waliochaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, wanatumiwa namba ya siri wathibitishe kimoja? Wakishathibitisha, nafasi walizoziacha kwingine zinaenda kwa wengine, ndiyo maana kuna awamu ya pili. Mtoto mmoja alikuwa amehesabiwa Muhimbili, Bugando na KCMC. Marekani ni hivyo hivyo, ila imezidi: kwenye mfumo wao wa pamoja wa kuomba, unaoitwa Common App, mtu mmoja anaweza kupeleka maombi hadi vyuo 20. Watoto ishirini wakiomba vyuo ishirini vile vile, zinaonekana fomu 400. Vichwa ni ishirini.

Uingereza wamebana. Mwombaji anachagua kozi tano tu, na hawezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Kwa hiyo anayejiona hafai hapotezi nafasi yake. Mwaka 2023 walioomba Oxford walikuwa 23,000 na kidogo, wakaingia 3,200 hivi, mmoja kwa saba. Je, Oxford ni rahisi mara nne kuliko Harvard? Hakuna atakayekwambia hivyo. Ni kwamba Oxford wasio na uzito wamejichuja wenyewe kabla ya kugusa fomu, na Harvard wanachujwa baada ya kuhesabiwa.

Hapo wakala anachekelea: "Si nilisema?" Asubiri.

Mwaka 2014 Harvard ilishtakiwa kuhusu namna inavyochagua wanafunzi. Kesi ilisikilizwa Boston mwaka 2018 na ikaishia Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023. Hukumu yenyewe ilihusu mambo ya rangi na si hoja yetu leo, lakini kesi iliwalazimisha kufungua makabati. Tukajua, kwa mfano, kwamba kati ya Wamarekani 26,000 hivi walioomba kuanza 2015, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa shuleni, na kama 3,400 walikuwa na alama kamili za hesabu kwenye SAT. Viti havikufika 2,000, na hapo sijawagusa wageni. Kwa hiyo alama kamili ambazo Zawadi anaziona kwenye video kama muujiza, kule zimejaa, na wengi waliokuwa nazo walikataliwa.

Tukajua pia namna wanavyopima. Wasomaji wa maombi humpa kila mtoto alama kuanzia 1 hadi 6, na 1 ndiyo ya juu. Upande wa taaluma, waliopewa 1 hawakufika hata mmoja kwa mia. Hao ndio akina "nimegundua kitu cha saratani". Waliopewa 2, yaani wanafunzi wazuri sana wa darasani, walikuwa kama wanne kwa kumi. Zaidi ya nusu walipata 3 kushuka chini.

Unaona sasa? Wakala ana haki kusema wengi si tishio. Zaidi ya nusu ya kundi si washindani wa kweli kitaaluma. Lakini ukishawatoa wote hao, wanabaki 11,000 hivi wanaogombea viti visivyofika 2,000. Watano au sita kwa kiti kimoja, na hao watano au sita wote wanaweza masomo. Hapo fomu iliyojazwa vizuri haikupi chochote, kwa sababu wote wamejaza vizuri.

Na viti vyenyewe si vyote viko wazi. Kesi hiyo hiyo ilionyesha kwamba wanamichezo waliotafutwa na makocha, watoto wa waliosoma hapo, ndugu wa wafadhili na watoto wa wafanyakazi walikuwa chini ya asilimia 5 ya waombaji, lakini karibu asilimia 30 ya waliokubaliwa. Mtoto wa fundi wa Ng'ambo hayumo humo. Yeye anapigania kilichobaki, pamoja na wageni wa dunia nzima. MIT, ambayo darasa la mwaka wa kwanza lina watu 1,100 hivi, wageni ni kama mmoja kwa kumi.

Kwa hiyo mwambie Zawadi hivi, kwa maneno yako mwenyewe. Yule wa saratani si mshindani wake. Huyo yuko kwenye kundi dogo mno na nafasi yake haizuii ya mtu. Wale wasio na uzito nao si washindani wake. Washindani wake ni watoto wanaofanana naye: Divisheni Wani ya saba za nchi zao, wanaojituma, wenye walimu wanaowapenda. Anatosha kukaa nao meza moja, mimi sina wasiwasi na hilo. Ila kati ya watano au sita wanaotosha, anachukuliwa mmoja, na sababu ya kumchukua huyu na kumwacha yule mara nyingi mwombaji hawezi kuijua wala kuinunua. Mwaka huu wanahitaji mpiga tarumbeta, mwaka kesho mtu wa fizikia. Akikataliwa hapo hajapimwa akaonekana mdogo.

Huyo shemeji wa Dar naye mwambie kwamba "wa Tabora" si hoja. Nyerere alisoma hapo hapo Tabora Boys. Ingawa naye, kwa haki, hakulazimika kujaza Common App.

Sasa nije kwenye jambo ambalo katika barua yako hamkuligusa, si wewe wala binti, na wakala amelinyamazia: udaktari anaoutaka Zawadi unasomwaje huko. Marekani udaktari hausomwi ukitoka kidato cha sita. Unasoma shahada ya kwanza miaka minne, biolojia au kemia au chochote, halafu unaomba upya chuo cha udaktari, miaka minne mingine. Vyuo vya udaktari vya kule vinavyopokea wageni ni vichache, na ufadhili uliokupeleka shahada ya kwanza haukufuati huko. MIT haina hata shule yake ya udaktari. Yaani binti anakosa usingizi kwa ajili ya mlango ambao, hata ukifunguka, nyuma yake hakuna kitu anachokitaka, au kipo miaka minne mbele nyuma ya mlango mwingine mwembamba zaidi. Muhimbili ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, na ni daktari.

Kama anataka kuwa mtafiti wa maabara, hilo ni jambo jingine, na hapo Marekani ina maana. Muulize. Muulize wakati mnakata vitambaa, siyo umemweka kitako kama mshtakiwa.

Na asije akadhani Muhimbili ndiyo ya walioshindwa. Kigezo cha chini cha udaktari kinachotangazwa ni D tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia. Nenda na D zako tatu Muhimbili uone. Wanaoingia wana alama za juu sana, kwa sababu ile ile: wanaotosha ni wengi kuliko viti. Kwa hiyo matokeo yakitoka Julai na dirisha la udahili likafunguliwa, aombe awamu ya kwanza, asisubiri, na asiweke Muhimbili peke yake. Bugando iko Mwanza, UDOM iko Dodoma, zote ni njia ya treni kutokea hapo hapo Tabora. KCMC iko Moshi. Mkopo wa Bodi mwombe mapema na nyaraka zote. Na akifanya vizuri sana, kuna Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23 kwa waliong'ara masomo ya sayansi kidato cha sita, na udaktari umo.

Bado anataka kujaribu Marekani? Ajaribu, sina kinyongo. Lakini aombe vyuo vichache, na vile ambavyo haviangalii mfuko wa mzazi hata kwa mgeni na vikikukubali vinaziba pengo lote la fedha: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin. Kwingineko vyuo vingi humtazama mgeni asiye na fedha kwa jicho jingine, na hapo alama hazimsaidii. Ada ya kuomba haifiki dola 100 kwa chuo, na asiye na uwezo anaomba msamaha wa ada hiyo humo humo kwenye fomu, bure. Maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka mwezi Machi. Na viza: tangu 2025 Marekani imewakazia Watanzania masharti, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi wenyewe kabla ya kutoa shilingi. Wakala anayekwambia "mbili viza ikitoka" anajua kabisa kwamba viza haiko mikononi mwake, ndiyo maana mbili za kwanza anazitaka leo.

Fulana kumi usishone. Wasomaji wale wanapitisha maelfu ya taasisi zilizozaliwa wiki mbili kabla ya kufunga maombi, na picha za watoto chini ya mti wamezichoka. Kwenye Common App kuna nafasi kumi za shughuli, na moja ya aina zinazokubaliwa ni majukumu ya nyumbani. Fomu ya MIT yenyewe inataka shughuli nne tu. Anakusaidia kukata vitambaa? Anashika daftari la madeni ya sare? Anawafundisha hesabu watoto wanaosubiri vifungo vishonwe? Ayaandike hayo kama yalivyo, saa ngapi kwa siku, tangu darasa la ngapi. Insha yao haizidi maneno 650, na mimi ningependa zaidi kusoma maneno 650 kuhusu daftari la madeni la Ng'ambo, nani analipa na nani anazungusha, kuliko kuhusu "kuiwezesha jamii".

Video nazo, azipunguze. Wanaotengeneza ni wale waliokubaliwa. Maelfu ya waliokuwa na alama zile zile wakakataliwa wamekwenda chuo kingine na wanaendelea na maisha yao.

Mwisho ni huyo kijana wa mjini. Wakala wa vyuo vya nje anatakiwa awe amesajiliwa na TCU, na TCU hutoa majina ya waliosajiliwa. Nenda na jirani unayemwamini awe shahidi. Omba risiti ya laki mbili, omba kuona cheti chake cha usajili, na piga picha. Kama hana, dai hela yako. Akizungusha, kituo cha polisi hakiko mbali na soko. Lakini hela inaweza kusubiri wiki. Cheti cha kidato cha nne hakiwezi, maana Zawadi atakihitaji dirisha likifunguliwa, na kuthibitisha cheti hakuhitaji mtu kukaa na cheti halisi kabatini kwake. Kifuate kesho asubuhi, kabla hujawasha cherehani.